Mambo Mengine Yakibaki Vilevile

Jamani, mwaka huu nimejisajili mtihani wa kidato cha sita, mtahiniwa wa kujitegemea. Na kujitegemea kweli: mwalimu mimi, mwanafunzi mimi, wa kuchapwa pia mimi. Nikachagua Uchumi. Nilijiambia, mtu nimeishi miaka 41 nahangaika na hela, somo la hela litanishindaje?

Limenishinda ukurasa wa nne.

Kitabu kinasema bei ikipanda, watu hununua kidogo, "mambo mengine yakibaki vilevile". Kina na Kilatini chake, ceteris paribus. Nimekikariri kwa sauti mpaka kitindamimba wangu anaitikia "amina". Sasa yanabaki vilevile wapi hayo mambo? Hapa kwangu Mbagala hakijabaki kitu vilevile tangu nioe. Nikishika kalamu, umeme umekatika. Umeme ukirudi, luku imeisha. Nikinunua luku, shemeji huyo mlangoni na begi, na begi lenyewe si la siku mbili.

Halafu ile michoro ya bei na kiasi kinachonunuliwa. Kwenye hesabu tulifundishwa kinachosababisha kinakaa kwenye mstari uliolala chini, kinachofuata kwenye mstari uliosimama. Huku bei ndiyo inayosababisha, lakini wameisimamisha wima kama mlinzi getini. Nikadhani wachapaji wamekosea. Kumbe ni mazoea tuliyorithi kwa Mwingereza mmoja, Alfred Marshall, aliyetoa kitabu cha uchumi 1890. Amefariki 1924, nimlalamikie nani?

Lakini lililoniponza ni somo la kutosheka. Eti kila unapoongeza kitu, utamu wa ile nyongeza unapungua, mpaka unafika sifuri. Kipimo chao wanakiita yutili. Mimi kukariri sipendi, nikasema nifanye utafiti. Mama Nasra anauza chapati kituoni. Juzi alfajiri kazipika, kazipanga kwenye hotipoti, kaenda kuoga. Nikafungua daftari.

Chapati ya kwanza: yutili 10. Ya pili: 9. Ya tatu nikakumbuka kuna maharage ya jana, yutili zikarudi 10. Mnaona? Mambo mengine hayakubaki vilevile! Ya sita: 4. Ya saba: 1, pamoja na kwikwi. Ya nane niliitazama tu, nikaandika sifuri, nikafunga hotipoti kwa heshima zote.

Mama Nasra akatoka bafuni, akafunua, akahesabu kwa macho tu. Mwanamke huyu hajawahi kushika kitabu cha uchumi.

"Baba Nasra, saba ziko wapi?"

"Mke wangu, huo ni utafiti."

"Saba kwa mia tano?"

"Elfu tatu na mia tano."

"Na maharage?"

Hapo nikaona nimweleze habari ya gharama mbadala, yaani ile hela ingefanya kazi gani nyingine. Sijafika popote, akanikata:

"Nilikuwa naijazia ada yako ya mtihani."

Kwa hiyo leo hotipoti nimekabidhiwa mimi. Niko kituoni tangu saa kumi na mbili, kitabu nimekikalia kwa sababu benchi lina umande. Nikajiongeza, nikapandisha chapati iwe mia sita, nifidie zile saba. Sasa hivi saa mbili. Kondakta mmoja kauliza bei, kacheka, kaenda kwa yule dada wa upande wa pili.

Ukurasa wa nne nimeuelewa.