Mzizi wa Chungu si Mzizi wa Sabuni

Kila ninapoona sabuni ya nyumbani inasifiwa kwamba "ina manjano halisi, inang'arisha ngozi", hutamani kumuuliza aliyeitengeneza: manjano hayo yalibaki na nini baada ya kukutana na kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni? Siulizi kwa ubishi. Mizizi naipenda, na mingi naipika. Ila sifa ambazo mzizi umejipatia chunguni tunaihamishia sabuni bila kuchunguza kama zimehama nao kweli.

Ushahidi uko kwenye nguo. Mchuzi wa manjano ukidondokea shati jeupe, doa huwa la njano. Lipake sabuni, hapo hapo linageuka jekundu. Likamulie limau, unjano unarudi. Hiyo ni kurkumini, rangi iliyomo ndani ya manjano, ikiitikia ukali wa sabuni. Na hapo ni sabuni iliyokwisha kuiva! Sabuni ya mafuta na kostiki, hata ikikaushwa wiki 4 hadi 6, kwa kawaida hubaki na pH (kipimo cha ukali huo; maji safi ni 7) ya 9 hadi 10. Uji wa sabuni wa siku ya kwanza ni mkali zaidi, na kurkumini haivumilii mazingira hayo kwa muda mrefu. Kinachosalia kwenye kipande ni rangi, nayo hufifia ikianikwa juani. Halafu sabuni yenyewe hukaa mwilini dakika moja au mbili, ikasuuzwa. Dawa gani hiyo?

Bitiruti ndiyo huwavunja moyo wanaoanza. Juisi yake inavutia, unatarajia kipande cha waridi, unatoa kwenye kalibu kitu cha kahawia. Rangi yake huyeyuka kwenye maji na haihimili kostiki. Iache kwenye sahani.

Karoti ni habari nyingine, na hapa ndipo jikoni na sabuni hukubaliana. Rangi ya karoti huyeyuka kwenye mafuta. Ndiyo maana karoti iliyopikwa na mafuta kidogo huunufaisha mwili kuliko iliyotafunwa mbichi peke yake, na ndiyo maana karoti kavu ikilowekwa kwenye mafuta ya kutengenezea sabuni huyapa unjano mzuri. Ukitia karoti iliyosagwa badala yake, jihadhari: sukari yake huongeza joto, na kalibu iliyofunikwa sana inaweza kupasua sabuni katikati.

Mzizi wa Alkanna tinctoria nao hutoa rangi kwenye mafuta. Mafuta huwa mekundu kabisa, kisha kostiki inayageuza kuwa zambarau au buluu. Kwa uzuri wa rangi, sijaona mzizi wa kuushinda. Lakini ingawa wapo wanaoutumia kutia chakula rangi, una kemikali zinazoweza kudhuru ini, kwa hiyo kwangu safari yake inaishia kwenye sabuni.

Tangawizi kuitia kwenye sabuni huniuma. Mbichi ina ukali wake. Ikikauka, sehemu ya ukali huo hugeuka kuwa mwingine mkali zaidi. Ikipikwa hupoa na kuleta utamu fulani wa harufu. Mzizi wenye sura tatu hivi, unaupeleka kwenye kostiki ukabaki nyuzi za kahawia zinazokwaruza ngozi?

Kuna mmea mmoja unaostahili kuitwa wa pande zote mbili: Saponaria officinalis. Mizizi yake ina saponini, inayotoa povu kwenye maji bila mafuta wala kostiki. Maji yake yametumika tangu zamani kuoshea sufu na hariri zisizotaka sabuni kali. Na katika upishi, mchemsho wa mizizi ya aina hii hupigwa mpaka ukawa povu jeupe, ukachanganywa kwenye halua ya ufuta ili iwe nyepesi. Kiasi ndiyo siri: saponini nyingi huchafua tumbo, kwa hiyo upande wa chakula uachiwe anayeijua kazi hiyo.

Kwa anayetaka kufanya yote mawili nyumbani, nina msimamo mkali kuhusu vyombo. Sufuria ya sabuni isirudi kupikia, na isiwe ya alumini hata kidogo, maana kostiki huila alumini na kutoa gesi inayoshika moto. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji. Ukimimina maji juu ya kostiki, mchanganyiko unaweza kuchemka ghafla na kukurukia usoni.

Mizizi ya Saponaria haina masharti hayo. Ikatekate, ichemshe taratibu kama nusu saa, chuja, osha sweta yako. Maji yanayobaki yatie kwenye friji na uyamalize ndani ya siku chache, kwa sababu huchacha upesi.