Sonona, simu ya mkononi na swali la "umefikia wapi?"

Huku kwetu Mbeya aliyezidiwa na sonona, ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa hamu, hasemi ana sonona. Anasema, "Nina mawazo." Ndiyo maana naamini tiba ya mawazo na tabia, aliyoiasisi Aaron Beck huko Marekani miaka ya 1960, ingeeleweka upesi hapa. Unalikamata wazo, tuseme "mimi ni mzigo kwa wanangu", unaliandika, unalidai ushahidi. Kisha unairudia kazi ndogo uliyoiacha, hata kama ni kupalilia matuta mawili tu ya viazi.

Siku hizi tiba hiyo ipo mtandaoni kama masomo, mgonjwa anajisomea bila mtaalamu. Kwa mtu wa Makete au Ludewa si jambo dogo. Kumfuata mtaalamu mjini ni nauli, ni siku za shamba zilizopotea, ni majirani kuuliza ulikwenda kutibiwa nini. Na tiba yenyewe si ubabaishaji: mwaka 2017 watafiti waliunganisha majaribio yenye washiriki 3,876, wakaona wanaojisomea wanapata nafuu kuliko wasiopewa masomo hayo, ingawa si kubwa.

Linalonisumbua ni jingine. Sonona hunyang'anya hamu, na somo la kujisomea linaidai hamu hiyohiyo. Uingereza, matokeo ya mwaka 2015 kwa wagonjwa 691 yalionyesha masomo ya kompyuta hayakuongeza nafuu juu ya huduma ya kawaida ya daktari. Wengi waliishia somo la kwanza au la pili. Baadaye, mwaka 2017, jaribio jingine la hukohuko lilionyesha kwamba waliopigiwa simu na mtu wa kuwasaidia walikuwa na nafuu zaidi kufikia mwezi wa nne.

Hapo ndipo ninaposimama. Kwa sonona nyepesi, mwenye simu janja na bando ajaribu. Kwa iliyokomaa, masomo peke yake hayatoshi, tena mengi yako kwa Kiingereza, na wenye vitochi hawayafikii kabisa. Tuyaweke kwa Kiswahili, tumpe mhudumu wa afya ya jamii, ambaye tayari anapita nyumba kwa nyumba, kazi ya kuuliza kila wiki: "Umefikia wapi?"

Ila anayetaja kufa asiachiwe simu. Huyo asindikizwe hospitali leo hii, na mtu wa kukaa naye njia nzima.