Panda gari: adhabu isiyobeba jina la mwenyewe

Mwezi uliopita nilikuwa Kampala nasubiri teksi ya kwenda Bombo. Kondakta, kijana mchangamfu, akamwambia bibi aliyekuwa mbele yangu, "Haya jaja (yaani bibi), panda gari!" Bibi alikuwa ameshaweka mguu mmoja mlangoni. Akaushusha. "Kwa maneno hayo sipandi," akasema kwa Kiganda, taratibu, akaenda kusimama pembeni kungoja gari jingine. Kijana alibaki ameduwaa. Wakati ule hata hakuwa amezaliwa.

Walio na umri wa yule bibi hawahitaji kuelezwa. Milton Obote alirudi kuwa rais wa Uganda baada ya uchaguzi wa Desemba 1980, na Februari 1981 vita vya msituni dhidi ya serikali yake vikaanza. Askari wa serikali wakawa wanazingira mitaa, wanawatoa watu majumbani, wanachambua nani abaki na nani aende. Amri ilikuwa maneno mawili ya Kiswahili: panda gari. Malori yaliondoka yamejaa, na wengi waliopakiwa hawakurudi. Misako yenyewe ikaitwa hivyo hivyo. Leo hii Mganda asiyejua sentensi moja ya Kiswahili anayajua maneno hayo mawili.

Hapo ndipo panaponiuma. Kwingine adhabu hubeba jina la mwanasiasa aliyehusika nayo. Kule Ufaransa, Guillotin, daktari na mbunge, alipendekeza mwaka 1789 kwamba wanaohukumiwa kifo wakatwe vichwa kwa mashine. Hakuiunda yeye, lakini mpaka leo inaitwa gilotini. Jirani zetu wa Kenya nao, tangu 2004 matatu isiyo na mikanda wala kidhibiti mwendo ilikamatwa kwa "sheria za Michuki", jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Watu walijua wa kumlaumu, na wa kumshukuru pia.

Sisi hatukusema fulani "ameobotewa". Tulisema amepandishwa gari, na lugha ndiyo iliyosimamishwa kizimbani. Kabla ya hapo Rais Idi Amin alikuwa amekifanya Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, huku askari wake wakikitumia kutisha watu vizuizini. Bunge limekipa hadhi ya lugha rasmi ya pili tangu 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Bado nakutana na wazazi wanaoniambia usoni kwamba hiyo ni lugha ya wanajeshi na majambazi. Siwezi kuwakasirikia. Waliisikia kwanza mlangoni, alfajiri, kutoka kwa mwenye bunduki.

Na mwaka 2020 hadi 2021, watu walipokuwa wakichukuliwa kwa magari yasiyo na namba, mitaani yaliitwa "droni". Jina la aliyetoa amri, mara hii pia, halimo.

Jioni nafundisha watu wazima Kiswahili. Zamani kitenzi hiki nilikipita haraka: panda mlima, panda mti, panda gari, tuendelee. Siku hizi nikifika hapo nasimama. Nawatajia mwaka, nawatajia rais alikuwa nani na askari walikuwa wa serikali ipi. Wiki jana mama mmoja wa miaka sitini hivi alinisikiliza mpaka mwisho, akakata mstari juu ya maneno hayo daftarini, akaandika chini yake: "ingia garini."