Matundu matatu si ushahidi

Tangu nihamie Texas nimezoeana na watu wanaojitengenezea risasi za bunduki. Wanaokota maganda waliyokwisha kuyapiga, wanayasafisha, wanaweka fataki mpya (kidude kinachowasha baruti), wanapima baruti, kisha wanapachika kichwa cha risasi kwa presi ya mkono. Wanachotafuta ni risasi inayofanana na mwenzake, maana bunduki nzuri hulenga vizuri ikilishwa chakula kilekile. Nami nimo, na kazi hii naipenda kwa dhati. Ndiyo maana inaniuma kuona tunavyojidanganya kwa karatasi yenye matundu matatu.

Mtu anafika uwanjani na vikasha 10, kila kimoja kina risasi 3, na baruti ya kila kimoja imezidi ya kilichotangulia kwa sehemu ndogo ya greni (pauni moja ya baruti ina greni 7,000). Anapiga tatutatu kwa yadi 100. Kundi la sita matundu yanagusana. Anashangilia, anaandika kwamba kipimo kimepatikana. Wiki ya pili kipimo hichohicho kinatawanyika, naye analaumu upepo.

Tatizo ni hesabu. Kwa bunduki moja na risasi za aina moja, upana wa kundi la risasi 10 (umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi), kwa wastani, huzidi ule wa risasi 3 kwa karibu asilimia 58. Makundi ya tatu yakiwa na wastani wa milimita 24, yale ya 10 yatakaribia milimita 38. Tena makundi madogo huyumba mno: ukipiga mengi, mojawapo litatokea zuri hata kama baruti ni ileile kote.

Mimi nilihitaji kuliona kwa macho. Nilijaza risasi 30 za aina ya .308 Winchester, zote kwa kipimo kimoja, nikazigawa katika vikasha 10 na kuvipa namba kana kwamba vinatofautiana. Kundi dogo kabisa lilikuwa na milimita 11, kubwa lilifika 39. Ningekuwa sijui, ningeapa kwamba kikasha namba 7 kina siri.

Kuanza chini na kupanda polepole kama kitabu cha vipimo kinavyoagiza ni lazima, wala sibishani na hilo hata kidogo. Lakini ngazi hiyo ni ya usalama, kuchunga shinikizo lisije likapasua bunduki usoni mwako. Tumeigeuza ramli ya shabaha.

Faida ya kujaza kwa mkono ninaiona kwingine: kichwa bora kinachopatana na mtutu wako, maganda ya toleo moja, shingo zinazokishika kichwa kwa nguvu sawa, na mwendo usiopishana sana kati ya risasi na risasi. Hilo la mwendo halionekani kwa yadi 100. Nenda yadi 1,000, pale risasi ya polepole inapoangukia chini ya mwenzake, ndipo mizani nzuri inalipa fedha yake.

Siku hizi nikibadilisha kitu, nabadilisha kimoja tu, napiga 20 kwenye karatasi moja, na tundu lililotoka nje nalihesabu pamoja na mengine. Makundi yangu kwenye daftari yameongezeka ukubwa tangu hapo, na kwa mara ya kwanza naweza kutabiri risasi yangu inayofuata itaangukia wapi.