Siku ya Mchujo, Mombasa Nzima Ina Udhuru

Jamani, hebu tuulizane. Kahawa ingali moto, kashata zipo, na lawama ndizo zimejaa: taa ya mtaa imekufa, mtaro unanuka, mwakilishi wadi simu haishiki. Haya, nani kamchagua? Baraza kimya. Kila mtu anachungulia kikombe chake kana kwamba jibu liko chini ya machicha.

Basi nitawaambia mimi. Kachaguliwa na tuktuk.

Hesabu ni ndogo tu. Mwaka 2022 daftari la Mombasa lilikuwa na wapiga kura 641,913. Gawanya kwa wadi 30, kila wadi inapata elfu 21 na ushei. Sasa siku ya mchujo, chama kinapochagua nani atabeba tiketi yake, tufanye katoka mmoja katika kila kumi, yaani watu 2,100. Wagombea ni saba, maana huku kwetu kila aliyeshona kanzu mpya anataka tiketi. Kura zikigawanyika mafungu saba, wa mbele anaweza kuondoka na 500 na kazi ikaishia hapo, kwani duru ya pili haiko. Watatu katika kila wanne waliopanga foleni hawakumtaka. Wadi nzima ukiihesabu, waliomtaka hawatimii watatu kwa mia. Kesho yake mwamwita mheshimiwa.

Na hizo 500 zapatikanaje? Msiniambie sera, sera ni za kubandika ukutani. Matatu ya abiria 14 inataka safari 36. Ukikodi gari tatu, kila moja safari 12 tangu alfajiri, alasiri ushamaliza. Kwa tuktuk ni safari 167, lakini tuktuk yaingia vichochoroni, inamtoa mtu mlangoni kwake angali na leso. Weka na shangazi mmoja kila mtaa, mwenye orodha ya majina na sauti ya kuamsha jirani wa tatu.

Lau wangetoka watu 10,000, kwa kipimo kile kile angehitaji kura kama 2,400, ambazo ni safari 172 za matatu. Hapo mafuta yangemshinda kabla ya adhuhuri, ikabidi ashuke garini aongee na watu. Nyinyi mkilala mnampunguzia nauli, yakhe!

Tena si wote wavivu, nisiwaonee. Kituo kimeambiwa kifunguliwe saa kumi na mbili, karatasi zafika saa nne, na wino umesahaulika ofisini. Kibarua wa bandarini ana zamu, mama wa mahamri kaacha karai jikoni. Wangoja wee, kisha waenda zao. Anayebaki foleni ni aliyeletwa kwa gari na anayengoja kurudishwa kwa gari. Mchujo wenyewe ndio huo, watu wachujwa kabla sanduku halijapata kura ya kwanza. Na mwaka 2022 michujo ya Aprili iliangukia Ramadhani. Umefunga, jua la utosi, foleni haisogei, na mbele yako mtu abishana na karani kuhusu jina lake la tatu. Hapo hata mcha Mungu anawaza futari, hawazi demokrasia.

Halafu kuna wale wa kufika kituoni na kitambulisho mkononi, jina halipo. Sheria ya vyama iliyorekebishwa 2022 inaruhusu mchujo wa wanachama wote au wa wajumbe, na wa wanachama unataka uwemo kwenye sajili ya chama. Chama si Chelsea, kwamba ukivaa jezi umeingia. Piga *509# ujue umeandikwa chama gani. Mwaka 2021 Wakenya tele walichungulia wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hata rangi zake hawazijui. Ukijikuta huko, jitoe kupitia eCitizen, na ufanye hivyo mapema, usingoje siku ya foleni uanze kumpigia karani kelele. Karani naye hajanywa chai.

Kura zikiwa chache, lingine linazuka: kila karatasi inakuwa nzito. Wa kwanza kamshinda wa pili kwa kura 15, kituo kimoja kimepigana ngumi, sanduku limepinduka, kituo kikifutwa mshindi habari yake ni nyingine. Aliyeshindwa aanza kupanda ngazi: kwanza kamati ya chama, kisha Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa. Wakubwa wakichoka na purukushani husema basi, tufanye maafikiano. Tiketi ya ugavana wa Mombasa ya chama cha ODM mwaka 2022 ilikwenda hivyo hivyo: Suleiman Shahbal akajiondoa, Abdulswamad Nassir akapewa, sanduku halikuguswa. Mabaraza yakachemka, ati wananchi wamenyimwa kura! Wananchi gani? Hawa hawa ambao sanduku likiletwa hadi shule ya jirani wana mgongo?

Na usiniambie utangoja uchaguzi mkuu wa Agosti. Agosti ni arusi, posa ilishapokelewa Aprili. Chama kikiwa na wimbi, tiketi ndiyo kiti: 2022 ODM ilibeba majimbo matano ya ubunge kati ya sita ya Mombasa, Nyali pekee likaponyoka. Hiyo Agosti yenyewe mliifanyaje? Kura ya urais Mombasa ilitoka kama asilimia 44, mkia wa kaunti zote 47. Ya ugavana ikaahirishwa hadi tarehe 29, na mshindi akapita kwa kura elfu 119 na ushei. Piga kwa lile daftari letu la 641,913, hawafiki 19 kwa mia. Wafuasi wa walioanguka michujoni walinuna wakakaa nyumbani, na wengine walikuwa nyumbani tangu Aprili, hawakuwa na haja ya kununa.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Muulizeni huyo anayelalamikia mtaro, huyo mwenye kashata mbili. Tarehe ya mchujo hata hajaiuliza, lakini arusi ya kwenda Lamu siku hiyo ashaipata.