Turudi kwa Watu Tuliowaandika

Muuza magazeti wa Kimara Mwisho, hapa Dar es Salaam, hupanga meza yake kabla hakujapambazuka vizuri, na hata hajamaliza kuyawekea mawe yasipeperuke, watu wameshamzunguka. Wengi hawanunui. Husoma vichwa vya habari wakiwa wamesimama, mikono nyuma, kisha ubishi unaanza: Simba kamsajili nani, Yanga inacheza lini, mafuta yatashuka au yatapanda. Nami husimama nao kila asubuhi kabla ya kupanda basi la mwendokasi. Uandishi nimeusomea chuoni, lakini pale mezani ndipo nilipoona jinsi kichwa cha habari kinavyosafiri. Mtu anakisoma mara moja, anapanda basi, na kufika kazini anakisimulia kama jambo alilolishuhudia mwenyewe. Kikikosewa kile, hakuna aya ya tano itakayokirekebisha.

Kipo kimoja nilichokikosea mimi, na bado kinaniuma.

Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, huu ni mwaka wangu wa tatu. Nalipwa kwa habari iliyotoka. Isiyotoka, nauli imekwenda na jua limenipiga bure. Kwa hiyo asubuhi nyingi hushuka kituo cha mwisho cha Kivukoni na kuingia Feri, maana soko la samaki halikosi jambo. Napapenda mno mahali pale. Napenda sauti ya mnadishaji inavyokimbia mbele ya bei, wapagazi wanavyopiga mluzi wapishwe, moshi wa kuni upande wa wakaangaji. Siku moja nilimwona mama amejifunga kanga iliyoandikwa “Japo sipati tamaa sikati”, anapandisha dau la jodari mbele ya wanaume sita, hatetereki. Nikaiandika kanga ile kwenye daftari. Ninayo mengine mengi ya namna hiyo, majina ya kanga na maneno niliyoyasikia ndani ya basi, sijui nitayafanyia nini.

Sasa siku ninayoisema, nilikuta meza za dagaa tupu. Mama mmoja anayekaanga samaki, mikono imejaa magamba hadi kwenye viwiko, akaniambia bila kuacha kugeuza vibua ndani ya karai: “Dagaa hakuna mwanangu, wiki nzima sasa.” Nikawauliza wachuuzi wengine watatu, jibu likawa hilo hilo, na ndoo moja moja iliyokuwapo bei ilikuwa juu. Nikapiga picha meza tupu. Nikampigia afisa mmoja, hakupokea. Nikaandika. Kesho yake ikatoka na kichwa kikubwa kwamba dagaa wameadimika Feri, na wasomaji wa Kimara wakabishana kuhusu uvuvi haramu na mabadiliko ya tabianchi mbele ya macho yangu. Nilifurahi sana asubuhi ile.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nafuatilia habari ya kivuko cha Kigamboni, nikapitia sokoni kunywa chai. Ndoo za dagaa zilikuwa zimepangwa hadi njiani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Wewe si ndiye uliyetuandika?”

“Ndiye mimi. Naona dagaa wamerudi.”

“Wamerudi kutoka wapi? Ulikuja mbalamwezi, mwanangu. Mbalamwezi dagaa utawaona wapi? Hukuniuliza.”

Akanisogezea ndoo niikalie, akanieleza. Dagaa huvuliwa kwa taa. Usiku wa giza, mvuvi akiwasha taa juu ya maji, dagaa huufuata ule mwanga na kukusanyika chini ya chombo, nyavu zikawazunguka. Mwezi ukiwa mpevu bahari yote inang’aa, taa haina tena nguvu ya kuwaita, dagaa wanatawanyika. Vyombo vingi hupumzika siku hizo, wavuvi wakashona nyavu na kutengeneza injini. Kisha giza hurudi, na dagaa nao wakarudi. Ndivyo ilivyo kila mwezi. Wavuvi wa pwani hii wanalijua hilo tangu wakivua kwa karabai, zile taa za mafuta za kupampu.

Kila neno nililolinukuu lilisemwa kweli. Picha ilikuwa ya kweli, bei ya kweli. Na bado nilikuwa nimewaambia watu jambo ambalo si kweli. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu nilikuwa nimefuata kila nilichofundishwa: vyanzo zaidi ya kimoja, nukuu, upande wa pili kutafutwa. Nilichokosa ni kurudi. Ningerudi siku ya tatu, au hata kumpigia simu tu yule mama jioni ile na kumsomea nilichoandika, angenisahihisha kwa sentensi moja.

Ndiyo maana nasema kazi yetu imekaa vibaya mahali hapa. Tunamwendea mtu mara moja, tunachukua maneno yake na sura yake, tunaondoka. Inayotuandika tena na tena katika daftari lake la wageni ni hoteli ya warsha, huko tunarudi kila wiki, kwa kuwa kuna chai, kuna hotuba iliyokwisha kuchapwa na kuna posho ya nauli. Siwalaumu wenzangu wanaoipokea. Najua kodi ya nyumba inavyodai. Lakini mwisho wa mwezi ukihesabu, wenye hoteli wameonekana gazetini mara nane, na mkaanga samaki mara moja, tena kwa makosa.

Wahariri watasema hakuna muda. Siku zote muda ni mfupi, nakubali. Ila tazama: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi yenye taarifa hadi siku 30 kulijibu ombi la maandishi. Mwezi wa angani hukamilisha mzunguko wake kwa siku 29 na nusu. Dagaa wangeweza kuadimika na kujaa tena sokoni barua yangu ikiwa bado mezani kwa mtu, na jibu lilikuwa hatua kumi kutoka niliposimama, mbele ya karai.

Siku hizi daftari langu nalitumia tofauti. Ukurasa wa kushoto naandika siku ya kwanza. Wa kulia nauacha mweupe, juu yake jina la mtu na namba yake ya simu, nikisubiri kurudi. Kurasa nyingi za kulia bado ni nyeupe, na kila nikizipekua naona deni. Ya fundi viatu wa Manzese imejaa. Ya dereva wa bajaji aliyekuwa akidai fidia ya ajali imejaa nusu. Mhariri wangu alizikubali habari mbili zilizotoka upande huo wa kulia, na zote mbili zilikuwa nzito kuliko zile za mwanzo.

Kwenye jalada la ndani nimebandika kalenda ya mwezi niliyoichora kwa kalamu. Kesho kutwa giza linaanza. Yule mama ameniambia vyombo vitaingia alfajiri, niwahi kabla ya mnada, atanitambulisha kwa nahodha mmoja aliyevua tangu enzi za karabai.