Heshima ndiyo iliyoifungia kimono kabatini

Mwaka 1681 mfanyabiashara mmoja wa Edo, jiji tunaloliita Tokyo leo, alinyang'anywa mali na kufukuzwa mjini kwa sababu ya nguo za mkewe. Jamaa huyo, Ishikawa Rokubei, alikuwa na fedha, na mkewe hakuona sababu ya kuzificha. Inasimuliwa kwamba msafara wa shogun Tsunayoshi, mtawala wa kijeshi wa Japani, ulipopita, bibi huyo alijitokeza amekwatuka kiasi cha kumfanya mtawala aulize ni mke wa bwana gani. Kumbe ni mke wa mtu wa dukani. Yaliyofuata ndiyo hayo.

Nimeanza na bibi huyu makusudi. Makala nyingi zinazozunguka mitandaoni huipamba kimono kama vazi tulivu la kale, lisilobadilika karne nenda karne rudi, lenye hekima ndani ya kila pindo. Siafiki. Kimono ya kwenye historia ilikuwa nguo ya watu wenye tamaa na wivu, walioshindana kwa rangi na kukwepa sheria ili mradi waonekane. Iliponea amri za watawala, ikaponea suti za Wazungu, ikaponea hata vita. Kilichokuja kuilemea ni heshima.

Asili yake yenyewe haina makuu. Mwaka 719 serikali ya Japani, ikifuata desturi ya China ya enzi ya Tang, iliagiza watu wafunge nguo upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia, na mpaka leo ni maiti tu anayevalishwa kinyume. Katika enzi ya Heian (794–1185) mabibi wa ikulu walijitwika matabaka ya hariri, na chini kabisa, karibu na ngozi, walivaa kanzu nyepesi yenye tundu dogo la mkono, iitwayo kosode. Nguvu zilipohamia kwa wapiganaji matabaka yakapungua, na kufikia karne ya 16 kosode ilikuwa imetoka nje kabisa. Kwa hiyo hilo vazi linalovaliwa leo kwa uangalifu wa ibada lina babu aliyekuwa nguo ya ndani.

Ninachokipenda kuliko vyote ni namna inavyokatwa. Jora moja la kimono lina upana wa sentimita 36 hivi na urefu wa mita 12 hivi, na fundi hukata kwa mistari iliyonyooka tu: vipande virefu vya mwili, viwili vya mikono, vyembamba vya mbele na kola. Hakuna mabaki ya kutupa. Kwa mwanamke, urefu unaozidi hukunjwa kiunoni na kushikwa na obi, ule mshipi mpana. Kimono nzuri ikichafuka ilifumuliwa mishono yote, vipande vikafuliwa na kuvutwa vikauke vimenyooka, kisha ikashonwa upya. Ikimchakalia mama, alishonewa mtoto. Ikiisha hapo ilikuwa nepi, halafu tambara la kusugulia sakafu. Wanaoiuza leo kama kitu cha kuhifadhiwa ndani ya karatasi laini wamesahau kwamba ilibuniwa ivaliwe mpaka iishe.

Turudi Edo. Mwaka 1683, miaka miwili baada ya kisa cha Rokubei, sheria mpya zilipiga marufuku kutarizi kwa nyuzi za dhahabu, pamoja na ile batiki ya gharama ambayo kitambaa kizima hufungwa vinundu vidogo kwa uzi, kimoja kimoja, kabla ya kutiwa rangi. Mfanyabiashara alikuwa anakumbushwa kwamba cheo chake kiko chini ya samurai, mpiganaji wa tabaka la juu, hata kama samurai huyo ana deni dukani kwake. Basi wajanja wakahamia kwenye mchoro. Kule Kyoto palikuwa na mchoraji wa mapepeo ya mkono, Miyazaki Yuzensai, ambaye sifa zake zilivuma hadi mbinu nzima ya kupamba hariri ikabeba jina lake. Uji wa wanga wa mchele hupakwa kufuata mistari ya mchoro, nao huzuia rangi isivuke mpaka, hivyo msanii anaweza kuweka bustani nzima, ndege na mto wake, juu ya nguo moja. Hakuna dhahabu wala vinundu, sheria haijaguswa, na mvaaji anang'aa kuliko mwanzo.

Amri zikaendelea kutolewa, na watu wa mjini wakabuni jibu jingine ambalo kwangu ndilo kilele cha ustadi wote. Nje walivaa kahawia, kijivu na buluu iliyokolea. Edo palikuwa na msemo wa kahawia 48 na kijivu 100, maana macho yalikwisha kuzoea kutofautisha kijivu hiki na kile. Ndani ndiko yalikokuwa mambo: bitana ya koti la haori ilichorwa milima, mawimbi, mashetani, chochote, na aliyeiona ni yule tu aliyekuwepo koti lilipovuliwa. Serikali ilitaka kuua majivuno, ikayafundisha kunong'ona.

Biashara nayo haikulala. Mwaka 1673 Mitsui Takatoshi alifungua Edo duka la vitambaa, Echigoya, akauza kwa fedha taslimu na bei isiyobadilika wakati wengine walipeleka bidhaa majumbani mwa wakubwa na kusubiri kulipwa mwisho wa msimu. Kutoka duka hilo likatokea Mitsukoshi, mojawapo ya maduka makubwa mashuhuri ya Japani hadi leo. Hata fundo la obi lenye umbo la ngoma, ambalo wengi hulidhania la tangu na tangu, linasemekana lilianza 1817, mageisha, wanawake watumbuizaji, wa mtaa wa Fukagawa walipolifunga kusherehekea kujengwa upya kwa daraja la mviringo la Kameido. Wake wenye staha wakawaiga.

Halafu ikaja Meiji, enzi iliyoanza 1868 ambapo Japani iliiga mengi ya Magharibi. Kuanzia 1872 mavazi rasmi ya maofisa yakawa ya Kizungu, na Mfalme mwenyewe akapigwa picha ndani ya sare ya kijeshi. Mwaka 1887 Malkia Shoken aliandika kuwahimiza wanawake wavae mavazi ya Kizungu, kwa hoja kwamba vazi la vipande viwili liko karibu zaidi na mavazi ya kale kabisa ya Japani kuliko kimono ya wakati huo, lakini akasisitiza vitambaa viwe vya nyumbani. Ukiisoma vizuri hoja hiyo utaona jinsi neno mila linavyoweza kuvutwa upande wowote. Wakati huohuo wafumaji wa Nishijin, Kyoto, walituma watu Lyon, Ufaransa, na mitambo ya Jacquard, ifumayo michoro yenyewe, ikaletwa kufuma obi. Nao wasichana wa shule walivaa hakama, vazi pana la marinda mithili ya sketi, juu ya kimono na buti za ngozi miguuni. Hakuna aliyekufa.

Kipindi ninachokitamani mimi ni miaka ya 1920. Hariri ya bei nafuu iitwayo meisen, iliyofumwa katika miji kama Isesaki na Chichibu, iliuzwa madukani kwa wasichana wa ofisini na wauguzi, ikiwa na michoro mikubwa, maua makubwa kama sahani na rangi zinazopiga kelele. Hiyo ilikuwa kimono ya kwenda nayo kazini na sinema.

Vita vikaikatiza. Anasa ikapigwa marufuku 1940, wanawake wakavaa suruali za monpe, na njaa iliyofuata iliwafanya wengi wabadilishane kimono na mchele vijijini. Mabinti wa baada ya vita walikua ndani ya sketi, mama akawa hana wa kumfundisha. Pengo hilo lilijazwa na shule za kuvaa kimono zilizoshamiri miaka ya 1960 na 1970, zenye madaraja na vyeti: nguo hii kwa mwezi huu, mchoro ule kwa mwanamke aliyeolewa tu, kola isizidi hapa. Sisemi zote zilizitunga kanuni hizo kutoka hewani. Ila zilichukua desturi za matajiri na kuzigeuza mtihani kwa kila mtu, huku maduka yakisukuma hariri za bei mbaya kwa ajili ya harusi na siku ya vijana kutimiza utu uzima. Soko lililopita yeni trilioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970 leo halifiki hata nusu ya trilioni. Ukimwambia mtu kwamba nguo ni ngumu kuvaa, ghali kununua na rahisi kukosea, usishangae akiiacha.

Nje ya Japani mambo yalikwenda bila woga huo. Waholanzi wa Kampuni ya India ya Mashariki walipewa majoho na shogun kila walipokwenda Edo, na huko kwao yakapendwa hadi nakala zake zikashonwa India. Mwanajiografia aliyechorwa na Mholanzi Vermeer mwaka 1669 amevaa joho la namna hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20, wabunifu wa mavazi wa Paris, Paul Poiret na Madeleine Vionnet, walijifunza kutoka kimono kuitundika nguo mabegani badala ya kuibana kiunoni, na hapo kifua cha mwanamke wa Ulaya kikapumua. Sisi huku Afrika Mashariki tulionja kiwanda kabla ya vazi: miaka ya 1930 pamba ya Japani ilijaa masoko ya Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa kuwa Mkataba wa Bonde la Kongo uliwafunga Waingereza mikono wasiibague, na baada ya vita kanga nyingi zilichapwa Japani. Leo abaya ya kuachia mbele inauzwa Kariakoo kwa jina la kimono, na sioni kosa.

Najua wapo wanaoona kosa. Mwaka 2015 jumba la sanaa la Boston lilisitisha kuwavalisha wageni nakala ya joho jekundu lililomo katika mchoro wa Mfaransa Monet wa 1876, baada ya waandamanaji kulalamika, na Wajapani wengine wakaja kuwapinga waandamanaji hao. Kesi ya Kim Kardashian, nyota wa televisheni wa Marekani, ya 2019 naiona tofauti: kutaka kuisajili kimono kuwa alama ya biashara ya nguo za ndani ni kunyang'anya, na meya wa Kyoto alikuwa na haki ya kumwandikia barua. Kuvaa na kumiliki ni mambo mawili.

Kwenye mnada wa hekalu la Toji, Kyoto, kila tarehe 21 ya mwezi, kimono za mitumba hulundikwa kwa bei ya chakula cha mchana. Vijana huzinunua, wakazivaa na buti, mikanda ya ngozi, hata shati ndani, na mara nyingine hukutana na wale wanaoitwa polisi wa kimono, watu wazima wanaomsimamisha njiani mtu wasiyemjua kumrekebishia kola. Wafumaji wa Nishijin wana hoja nzito zaidi kuliko polisi hao: mitumba haiwalipi. Ni kweli. Lakini wanunuzi wao wa hariri za sherehe wanazidi kuzeeka, na mteja pekee anayeweza kuwarithi ni huyu binti mwenye buti, akipata mshahara wake wa kwanza, iwapo hatakuwa amefukuzwa kabla.